Fahirisi ya Kijani na Gunia la Mkaa

Wachumi wakitaka kujua ni ipi kati ya nchi jirani inayokua bila kumaliza misitu, maji na hewa yake, hutumia fahirisi ya maendeleo ya kijani.

Fahirisi tuliipata kutoka Kiarabu, kwa maana ya orodha ya yaliyomo kitabuni. Wanatakwimu wameipa kazi nyingine: namba moja inayokusanya namba nyingi, kama zilivyo Fahirisi za Bei nchini Tanzania. Wapo wanaosema kiashiria kwa maana hiyohiyo, nami nawapinga. Kiashiria ni kipimo kimojakimoja: hekta za msitu, tani za hewa ukaa. Viashiria huchanganywa, kila kimoja kikapewa uzani wake, ndipo fahirisi ipatikane. Uzani huo huamuliwa na watu, na ukibadilishwa nchi hupanda au kushuka ngazi bila mti hata mmoja kuota.

Tazama umeme. Karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Tanzania ilitegemea sana gesi ya Songo Songo na Mtwara hadi Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilipoanza kuzalisha mwaka 2024. Ukipima kwa umeme peke yake, Kenya ilikuwa mbele sana. Ukiingia jikoni, nchi zote mbili bado zinapikia kuni na mkaa kwa wingi.

Neno kijani nalo limebeba jani ndani yake. Nalipenda kwa hilo, maana halituruhusu kuusahau mti. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Majiko hayakuzimwa, mkaa wa Uganda uliendelea kuingia kupitia mpaka wa Busia. Mei 2023 Rais Museveni akapiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda, ambako miti ya mishea ilikuwa ikiteketea.

Mshea uliokatwa Acholi, huko kaskazini, huishushia Uganda alama, na Kenya iliyoupikia ugali haiguswi. Kwa hiyo istilahi yetu inahitaji nyongeza: fahirisi ya kijani kwa uzalishaji, au kwa matumizi. Anayeitangaza aseme ni ipi, ili gunia lililovuka Busia liandikwe pia kwa aliyelichoma jikoni.