Kutoka Schnitzer hadi Kibra: Jina, Jeshi na Ardhi

Jina la ukoo la Kijerumani Schnitzer linatokana na kitenzi cha kuchonga. Ni mojawapo ya majina ya ufundi, kama vile Müller, msaga nafaka, na Schmidt, mhunzi, ambayo awali yalitaja kazi ya mtu na baadaye yakarithiwa na uzao wake. Kwa Wayahudi wa Prussia, amri ya mwaka 1812 iliyafanya majina ya kudumu ya ukoo kuwa sharti la uraia.

Eduard Schnitzer alizaliwa mwaka 1840 mjini Oppeln, Silesia, katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa Mluteri angali mtoto. Baada ya kusomea udaktari na kuitumikia dola ya Uthmaniya, alifika Khartoum mwaka 1875 akijiita Mehmed Emin. Emin ni matamshi ya Kituruki ya neno la Kiarabu amin, ambalo kwa Mswahili linasikika katika amana na mwaminifu. Mwaka 1878 akawa gavana wa jimbo la Equatoria.

Msafara wa Stanley wa 1887 hadi 1889 ulikwenda kumwokoa Emin Pasha. Askari wake wengi waliachwa karibu na Ziwa Albert. Lugard aliwachukua mwaka 1891. Wao, pamoja na Wasudani walioandikishwa kwingineko, ndio chimbuko la Wanubi wa Kenya na Uganda. Mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi yao walipewa makazi pembezoni mwa Nairobi, wakapaita Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Jirani yake Kawangware nayo inahifadhi jina la Kikuyu la ndege, ngware, aliye jamii ya kwale.

Umbo Kibera limeongezewa irabu kati ya b na r, kama lugha za Kibantu zifanyavyo aghalabu. Hakuna hila katika kanuni hiyo ya sauti. Hata hivyo, irabu moja ilificha asili ya neno, na pamoja nayo hoja ya Wanubi, ambao kwa miongo mingi walihesabiwa wageni. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliamua kwamba haki za watoto wa Kinubi nchini Kenya zilikiukwa. Kibra likarejea kama jina la eneo bunge katika uchaguzi wa 2013, na mwaka 2017 jamii hiyo ikakabidhiwa hati ya ekari 288.

Schnitzer alilibadili jina lake kwa hiari. Wajukuu wa askari wake walilazimika kulidai lao.