Mainzi ni wadudu wa aina gani? Jinsi wanavyogawanywa, tabia zao, na mahali wanapokulia

Vijijini kwetu neno inzi lina maana moja tu: yule mdudu mweusi wa jikoni na chooni. Mbu tunamwita mbu, usubi tunamwita usubi, na mbung'o ana jina lake. Lakini wataalamu wa wadudu wanawaweka wote hawa katika ukoo mmoja mkubwa unaoitwa Diptera, neno la Kigiriki lenye maana ya "mabawa mawili". Aristotle alilitumia zamani sana, na Carl Linnaeus wa Sweden akaliingiza katika utaratibu wake wa kupanga viumbe mwaka 1758. Leo aina zilizokwisha kuelezwa zinapita 150,000.

Makanisa yetu ya mashariki yanaishi na wadudu hawa kila siku. Wengine wanatuletea magonjwa, wengine wanatulishia shamba. Na kuna jambo moja ambalo mara nyingi linasahauliwa: kila inzi amefungwa na mahali ambapo buu wake anakulia. Anayepajua mahali hapo anajua pa kuanzia kazi. Asiyepajua atapigapiga hewa kwa mkono mpaka jioni.

Mabawa mawili, na vijiti viwili

Wadudu wengi wanaoruka wana mabawa manne: nyuki, kipepeo, kumbikumbi, kereng'ende. Inzi ana mawili ya mbele tu. Mahali pa yale ya nyuma pamebaki vijiti viwili vifupi vyenye kichwa cha mviringo, mfano wa kijiti cha kibiriti. Vijiti hivyo vinapiga juu na chini pamoja na mabawa, na vinampa inzi habari ya namna mwili wake unavyogeuka hewani. Akipotezwa vijiti hivyo, hawezi tena kuruka sawasawa.

Kwa desturi ya zamani ukoo huu unagawanywa katika sehemu mbili. Ya kwanza ni wale wembamba wenye vipapasio virefu: mbu, usubi na jamaa zao. Ya pili inaitwa Brachycera, yaani wenye vipapasio vifupi: inzi wa nyumbani, mbung'o, inzi wa matunda, na wale wakubwa wanaouma ng'ombe. Wachunguzi wa siku hizi wanasema sehemu ya kwanza si tawi moja la kweli, bali ni matawi kadhaa ya kale, na Brachycera walichipuka kati yao. Kwa mtu asiye mtaalamu, mgawanyo wa zamani bado unasaidia kutambua anachokiona.

Wote wanapita hatua nne: yai, buu, bundo, na mdudu mzima. Buu hana miguu ya kweli. Kwa inzi wa nyumbani na jamaa zake, ngozi ya mwisho ya buu inakauka na kuwa ganda gumu kama kipipa kidogo cha rangi ya kahawia. Ndani ya ganda hilo inzi anaumbika, kisha anavimbisha kifuko kilicho kwenye paji la uso wake na kusukuma kifuniko mpaka kifunguke. Baada ya hapo kifuko kinarudi ndani wala hakitumiki tena. Akiisha kutoka hakui tena. Inzi mdogo si mtoto wa inzi mkubwa, ni wa aina nyingine, au hakupata chakula cha kutosha alipokuwa buu.

Tuseme neno moja la pembeni kwa wahubiri wenzetu. Katika pigo la nne la Misri, neno la Kiebrania arov lina maana ya mchanganyiko au kundi, halitaji mdudu yeyote. Watafsiri wa Kigiriki walichagua inzi wa mbwa, walimu wengi wa Kiyahudi walisema ni wanyama wa mwitu, na Biblia ya Kiswahili inasema mainzi. Basi, anayetaka kuhubiri elimu ya wadudu kutoka fungu hilo angoje kidogo.

Yule wa nyumbani

Inzi wa nyumbani, Musca domestica, anataga mayai mia hivi kwa mara moja, katika samadi, takataka zinazooza au mavi. Kukiwa na joto, mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja, na baada ya siku saba mpaka kumi hivi mainzi wapya wanaruka. Ndiyo maana takataka zinazokaa wiki mbili nyuma ya nyumba zinatuletea vizazi, na zile zinazozikwa au kuchomwa kila wiki haziwapi nafasi.

Hana meno. Chakula kigumu anakitemea mate, kinalainika, kisha anakifyonza kwa mdomo ulio kama sponji. Anaposugua miguu yake hasali, wala hanawi kwa heshima ya chakula chetu: anasafisha viungo vya kuonjea, kwa maana miguu ndiyo inayomwonjesha. Miguu hiyo hiyo inachukua vijidudu vya kuhara kutoka chooni mpaka kwenye sahani. Na tunapomkosa kwa mkono, sababu ni jicho lake. Macho yetu yanaweza kutofautisha mwanga unaowaka na kuzimika kama mara 60 kwa sekunde. Yake yanapita mara 200. Mkono wetu ulio mwepesi, kwake unakuja taratibu.

Tabia yake moja inatusaidia: akiwa gizani anaufuata mwanga. Katika miaka ya 1970, huko Zimbabwe, walitengeneza choo cha shimo chenye bomba refu la hewa. Ndani ya kibanda panakuwa giza, na juu ya bomba panafungwa wavu. Mainzi walio shimoni wanaona mwanga juu ya bomba, wanapanda, wanazuiwa na wavu, wanafia pale. Upepo unaopita juu ya bomba unavuta pia harufu. Tumeona vyoo vya namna hiyo vilivyojengwa kwa gharama, kisha mtu akatoboa dirisha kubwa ili ndani pawe na mwanga, au wavu ukapasuka na hakuna aliyeurudisha. Choo kama hicho kinabaki na bomba tu; kazi yake imekwisha.

Wale wanaoingia mwilini, na wale wa sakafuni

Mama wengi wanajua kwamba nguo za mtoto zinapigwa pasi hata kama hazina mikunjo. Sababu ni inzi anayeitwa Cordylobia anthropophaga. Anataga kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo au kwenye nguo zilizoanikwa kivulini na bado zina unyevu. Buu anapenya ngozi bila mtu kusikia, panakuwa jipu lenye tundu, na baada ya siku nane mpaka kumi na mbili anatoka mwenyewe ili aingie udongoni. Pasi ya moto, pamoja na mishono ya nguo, inaua mayai. Jipu lenyewe likipakwa vaselini nzito, buu anakosa hewa na kusogea juu, hapo anatolewa kwa urahisi. Kumkamua kwa nguvu kunaweza kumpasua ndani.

Huyu si yule funza wa vidole vya miguu. Funza wa miguuni ni aina ya kiroboto, hana bawa hata moja, wala si wa ukoo wa mainzi.

Jamaa mwingine, Auchmeromyia, amepewa na Wazungu jina la nchi yetu: funza wa sakafu wa Kongo. Buu wake anajificha katika nyufa za sakafu ya udongo, na usiku anatoka kunyonya damu ya mtu aliyelala kwenye mkeka. Hawezi kupanda kitanda. Kitanda cha miti kilichoinuliwa kidogo tu kinatosha kumaliza shida yake.

Usubi, mito ya kasi, na kifafa

Hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Usubi, Simulium kwa jina la wataalamu, ni mdogo, mweusi, mgongo wake umeinuka kama nundu. Anauma mchana, na jike ndiye anayenyonya damu. Tofauti na mbu, hataki maji yaliyotulia. Buu wake anajishika kwenye jiwe au jani katika maji ya kasi yenye hewa nyingi, kwenye maporomoko, na kuchuja chakula kinachopita. Kuna usubi mwingine wa milimani, Simulium neavei, ambaye watu walitafuta mabuu wake mtoni kwa miaka mingi bila kuwapata. Mwaka 1950, huko Kenya, walionekana mwishoni: walikuwa wamejishika juu ya kaa wa mtoni! Baada ya kupajua mahali hapo, mito ilitiwa dawa, na usubi huyo akaisha Kenya.

Usubi anapouma anaweza kupitisha mnyoo unaoitwa Onchocerca volvulus. Mnyoo mzima anakaa katika vinundu chini ya ngozi kwa miaka 10 au zaidi, na watoto wake, ambao ni wengi sana, wanatembea katika ngozi na kufika machoni. Muwasho usioisha, ngozi inayokunjamana kama ya mzee, na mwishoni upofu. Dawa ya ivermektini, ambayo kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ugonjwa huu tangu mwaka 1987, inaua wale watoto wa mnyoo lakini haimwui mnyoo mzima. Ndiyo sababu wagawa-dawa wa kijiji wanarudi mwaka baada ya mwaka. Anayesema "nilikwisha kunywa mwaka juzi" hajakingwa.

Jambo lingine limeonekana zaidi katika miaka ya karibuni. Uchunguzi uliofanywa Ituri na Bas-Uélé, na pia katika nchi nyingine za Afrika, umeonyesha kwamba kifafa ni kingi mno katika vijiji vilivyo karibu na mito ya kasi ambako ugonjwa wa usubi haujazuiwa. Watoto waliokuwa wazima wanaanza kuanguka wakiwa na miaka kati ya mitatu na kumi na minane. Namna mnyoo unavyoleta jambo hilo bado inachunguzwa, lakini uhusiano wenyewe umeonekana mahali pengi.

Katika vijiji vile, nyumba moja inaweza kuwa na watoto wawili au watatu wanaoanguka. Ni rahisi watu kusema ukoo umelogwa, au nyumba ina pepo, na mara nyingi mzigo unamwangukia bibi mzee au mama mjane. Sisi wachungaji tunaitwa kuomba, na tunaomba. Lakini mtoto anayeanguka apelekwe pia kituo cha afya, apewe fenobabitali au dawa nyingine ya kifafa, aimeze kila siku, wala asiiache ghafla kwa sababu ya maombi ya mtu yeyote. Povu la mgonjwa haliambukizi. Wengi waliochomwa na moto wa jikoni au kuzama mtoni walikuwa karibu na watu walioogopa kuwagusa. Na kijiji chote kimeze ivermektini, kwa maana ndiyo inayowakinga watoto wadogo wasiingie katika njia ile.

Mbung'o

Mbung'o anatambulika akitua: mabawa yake yanalala moja juu ya lingine kama makasi yaliyofungwa. Dume na jike wote wananyonya damu. Uzazi wake ni wa ajabu kati ya wadudu. Jike hatagi mayai. Analea buu mmoja tumboni, anamlisha maziwa ya tezi zake, na kila siku tisa au kumi hivi anamzaa akiwa amekwisha kukua. Buu anajifukia udongoni kivulini, na baada ya mwezi mmoja hivi mbung'o mpya anatoka. Kwa kuwa anazaa watoto wachache hivyo katika maisha yake yote, kunasa majike wachache kila siku kunapunguza kundi haraka. Anavutwa na rangi ya buluu, kwa hiyo mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi inasimamishwa kando ya mito.

Mwaka 1998 nchi yetu iliandika wagonjwa wapya wa malale zaidi ya 26,000. Mwaka 2020 hawakufika 500. Vipimo vya vijiji kwa vijiji, mitego na dawa ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Zamani matibabu yalihitaji sindano na kulala hospitali. Tangu mwishoni mwa 2018 kuna vidonge vya feksinidazole, vilivyojaribiwa hapa hapa Kongo. Yeyote anayetoka maeneo ya malale, kwa mfano Maniema au Haut-Uélé, akiwa na homa ya kurudirudi, uvimbe wa tezi za shingo, na usingizi wa mchana huku usiku anakesha, apimwe.

Habari za mbu wa malaria zimeandikwa mara nyingi. Hapa inatosha kusema kwamba wa malaria anauma usiku na kukulia katika maji yaliyotulia yasiyo machafu sana, na mbu wa vyooni na mitaro ni jamaa mwingine.

Walio upande wa mkulima

Inzi mwenye milia ya njano anayesimama hewani mbele ya ua hana mwiba. Anajifananisha na nyuki ili ndege wamwogope. Katika aina nyingi buu wake anakula vidukari wanaofyonza kabichi na maharagwe. Mainzi wengine wanataga juu ya viwavi, na mabuu wao wanamla kiwavi kutoka ndani. Adui yuko pia: inzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kuenea katika nchi nyingi za Afrika. Buu wake yuko ndani ya embe, kwa hiyo embe lililoanguka lisiachwe pale pale chini ya mti. Lizikwe kwa kina cha nusu mita, au lifungwe katika mfuko mweusi juani.

Walio muhimu zaidi kwa ndugu zetu wa Beni na Mambasa ni wadogo kuliko wote, vijiinzi ambavyo jicho linaviona kama punje ya vumbi. Hivyo ndivyo vinavyobeba chavua ya kakao. Ua la kakao linaota kwenye shina lenyewe, ni dogo, na nyuki wa kawaida hafai kwa kazi ile. Lisipofikiwa, linaanguka baada ya siku moja au mbili, na maua mengi yanaanguka hivyo. Mabuu wa vijiinzi hivi wanakulia katika majani yanayooza na mashina ya migomba yenye unyevu. Shamba lililofagiwa mpaka udongo ukabaki mtupu, au lililopuliziwa dawa ya kuua wadudu wakati wa maua, linawakosesha mahali pa kukaa. Maganda yenye ugonjwa wa kuoza yaondolewe shambani. Majani makavu na vipande vya mgomba vibaki chini ya miti.