Mikono, Maji na Saa za Uchungu: Historia ya Homa ya Uzazi Karagwe na Kyerwa

Homa ya uzazi, yaani ugonjwa unaompata mama pale bakteria wanapovamia mji wa mimba, michubuko ya njia ya uzazi au kidonda cha upasuaji, ni miongoni mwa maradhi yaliyoandamana na uzazi wa binadamu tangu kale. Shirika la Afya Duniani huhesabu kipindi chake tangu chupa ya maji ya uzazi inapopasuka au uchungu unapoanza hadi siku ya 42 baada ya kujifungua, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kwamba takriban kifo 1 kati ya vifo 10 vya uzazi duniani hutokana na maambukizi ya aina hii. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, historia ya hatari hiyo yaweza kufuatwa kwa kuangalia mahali wanawake walipojifungulia, kuanzia nyumba ya msonge hadi hospitali ya misheni, na kutoka zahanati ya kijiji hadi chumba cha upasuaji. Kila mahali palimwondolea mama hatari fulani na kumletea nyingine, na kwa hiyo kuhamisha uzazi kutoka nyumbani kwenda hospitali, jambo lililookoa maisha ya wengi, hakukuwahi kutosha peke yake kumlinda mama dhidi ya maambukizi.

Wilaya hizi mbili zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipoanzishwa rasmi mwaka 2012, na kabla ya mipaka ya kisasa sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa dola ya Karagwe, iliyotawaliwa na ukoo wa Bahinda wenye makao yao makuu Bweranyange. Wanyambo, wenyeji wa ardhi hii, waliishi katika miji iliyozungukwa na migomba, aghalabu kwenye miinuko, huku maji yakitekwa bondeni na kupandishwa kwa kichwa. Mama alijifungulia nyumbani, akihudumiwa na wanawake wazoefu wa ukoo au jirani. Kwa elimu ya leo, hatari za mazingira hayo zinaeleweka: sakafu ya udongo iliyotandikwa nyasi, kifaa cha kukatia kitovu ambacho hakikuchemshwa, na maji machache ambayo lazima yagawanywe kati ya kupika, kunywa na kuoga. Hata hivyo, utaratibu huo ulikuwa na kinga yake, kwa kuwa mkunga aliyehudumia mwanamke mmoja leo na mwingine baada ya majuma kadhaa hakuweza kwa urahisi kuhamisha vimelea kutoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mwingine. Hatari kubwa zaidi ilikuwa uchungu pingamizi, yaani hali ambapo mtoto hawezi kupita ingawa uchungu unaendelea, kwa sababu kadiri saa zinavyopita baada ya chupa kupasuka ndivyo bakteria wanavyopata nafasi ya kupanda hadi kwenye mji wa mimba.

Elimu ya kutunza vidonda haikukosekana katika falme za Maziwa Makuu. James Grant, aliyefika Karagwe pamoja na John Hanning Speke mwaka 1861 na kupokewa na Mukama (mfalme) Rumanyika, alibaki huko kwa miezi kadhaa akiuguza mguu, na katika muda huo alijaribu dawa za wenyeji. Ushahidi ulio karibu zaidi na uzazi unatoka Bunyoro, kaskazini mwa Karagwe, nchi ambayo masimulizi ya Bahinda huihusisha na asili ya ukoo wao kupitia Wachwezi, watawala wa kale wa Kitara. Mwaka 1879 Robert Felkin, kijana aliyesomea udaktari Edinburgh, alishuhudia huko Kahura mganga wa Kinyoro akimpasua mama ili kumtoa mtoto, na mwaka 1884 akachapisha maelezo ya tukio hilo. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi ili alegee; mganga akanawa mikono na kuosha tumbo la mama kwa pombe hiyo hiyo, kisha kwa maji; mishipa iliyovuja damu ikaguswa kwa chuma cha moto; na kidonda kikafungwa kwa pini nyembamba za chuma na kamba za gome, kikapakwa dawa ya mizizi. Felkin aliandika kwamba siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Tukio moja haliwezi kuthibitisha desturi ya eneo zima, wala halionyeshi kwamba upasuaji huo ulifanyika Karagwe, lakini linaonesha kwamba baadhi ya mafundi wa ukanda huu walifahamu, bila kuhitaji nadharia ya vimelea, kwamba mkono na ngozi vinapaswa kusafishwa kabla ya kisu.

Thamani ya ufahamu huo inaonekana vizuri ukilinganishwa na yaliyokuwa yakitendeka Ulaya. Alexander Gordon wa Aberdeen alieleza mwaka 1795 kwamba homa ya uzazi hupelekwa kwa mama na mkunga au daktari aliyetoka kumhudumia mgonjwa mwingine, na mwaka 1847 Ignaz Semmelweis, akiwa Vienna, aliwaamuru madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji yenye klorini, vifo katika wodi yake vikashuka upesi. Wote wawili walipingwa na wenzao. Kwa hiyo hospitali kubwa za Ulaya, zilizokusanya wazazi wengi chini ya mikono michache, ziliweza kuwa mahali pa hatari kuliko nyumbani, na hali haikubadilika kikamilifu hadi nadharia ya vimelea ilipokubalika, kisha dawa za salfa zilipoanza kutumika katika miaka ya 1930 na penisilini katika miaka ya 1940.

Tiba ya kihospitali ilifika Karagwe kwa sehemu kubwa kupitia makanisa, na hadi leo urithi huo unaonekana katika hospitali ya Kilutheri ya Nyakahanga na ile ya Kikatoliki ya Isingiro, iliyoko Kyerwa. Hospitali za namna hii zilileta dawa, vifaa vilivyochemshwa na wauguzi waliofunzwa, lakini umbali uliendelea kuamua nani angenufaika. Mama aliyebebwa kwa machela kuvuka vilima, baada ya siku nzima au zaidi ya uchungu, alifika akiwa tayari ameambukizwa, na hapo dawa ililazimika kushindana na muda uliokwisha kupotea njiani.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali iliweka mkazo kwenye zahanati za vijijini na huduma ya mama na mtoto, na baadaye wakunga wa jadi wakapewa mafunzo ya kunawa mikono, kutumia wembe mpya na kumpeleka hospitali mapema mama mwenye dalili za hatari. Juhudi hizo zilikumbwa na misukosuko. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na virusi hivyo vinapodhoofisha kinga ya mwili humfanya mzazi ashambuliwe kwa urahisi na bakteria wa kawaida. Malaria, ambayo imekuwa mzigo mzito mkoani humo, huongeza upungufu wa damu, na mama mwenye damu kidogo ana nguvu ndogo ya kupambana na maambukizi. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe, wakaongeza mahitaji ya maji, vyoo na matibabu katika maeneo ambayo huduma hizo zilikuwa tayari haba.

Mabadiliko makubwa ya mahali pa kujifungulia yametokea katika karne hii. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulikusudia kila kijiji kipate zahanati na kila kata kituo cha afya. Kitaifa, uzazi unaofanyika katika vituo vya huduma ulipanda kutoka asilimia 63 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi asilimia 81 mwaka 2022, na makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Haya ni mafanikio ya kujivunia, lakini yameleta hatari za kihospitali ambazo bibi wa mama wa leo hakukutana nazo. Upasuaji wa kujifungulia, unaookoa maisha pale uchungu unapokwama, huongeza uwezekano wa maambukizi kati ya mara 5 na 20 kuliko uzazi wa kawaida. Kupimwa njia mara kwa mara, hasa na wahudumu tofauti, husogeza bakteria ndani, na vivyo hivyo kuliondoa kondo la nyuma kwa mkono. Wodi iliyojaa huwakutanisha wazazi wengi na mikono michache, hali ile ile iliyokuwa katika hospitali kubwa za Ulaya.

Kinga za hatari hizi zinajulikana. Dozi moja ya antibayotiki kabla ya kisu kugusa ngozi hupunguza maambukizi ya upasuaji, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliowahusisha wanawake wapatao 29,000 katika nchi 7 zikiwemo Kenya na Kongo, ulionesha kwamba gramu 2 za azithromaisini kwa mama aliye katika uchungu hupunguza kwa takriban theluthi moja uwezekano wa maambukizi makali au kifo. Dawa hizo, hata hivyo, zikitumiwa ovyo huzalisha vimelea sugu, na haziwezi kuchukua nafasi ya maji yanayotiririka kwenye chumba cha kujifungulia.

Kwa sababu hiyo, mipango ya uzazi salama Karagwe na Kyerwa haipaswi kuishia kwenye idadi ya majengo na ya akina mama waliojifungulia humo. Kituo kinastahili kupimwa pia kwa maji yake, kwa idadi ya wahudumu wake, kwa muda ambao mama hutumia kukifikia, na kwa uangalizi anaopewa katika majuma 6 yanayofuata, kwa kuwa maambukizi mengi hujitokeza baada ya mama kuruhusiwa kurudi nyumbani. Homa, maumivu ya tumbo la chini au uchafu wenye harufu mbaya ukeni ni dalili zinazotaka tiba siku hiyo hiyo, na familia inayozifahamu humfikisha mama kwenye kituo cha afya kabla sumu ya maambukizi haijaenea mwilini.