Nafasi na Ujuzi: Historia ya Mtihani wa Shule ya Msingi Katika Nchi ya Mnero

Neno mtihani limetufikia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili lina maana mbili. Shuleni ni maswali apewayo mwanafunzi. Nje ya shule ni jaribu zito, na ndiyo maana mtu aliyefikwa na msiba huambiwa kwamba dunia ina mitihani. Mzazi wa Mnero, wilayani Nachingwea, asimamapo mbele ya ubao wa shule kutazama matokeo ya darasa la saba, maana zote mbili humjia kwa pamoja. Lakini yafaa tuulize: karatasi ile humweleza nini hasa? Humweleza ujuzi wa mwanawe, au humweleza idadi ya nafasi zilizokuwa mbele yake? Historia yaonyesha kwamba kwa muda mrefu ilieleza habari ya nafasi, nasi tukaisoma kama habari ya ujuzi.

Wenyeji wa Mnero, kama wa Ruangwa iliyo jirani, wengi wao ni Wamwera, wakiishi pamoja na Wamakua, Wayao, Wamakonde na wengineo. Kabla ya shule, chuo chao kikuu kilikuwa jando na unyago. Humo mwari alifundishwa adabu, kazi, nyimbo na mafumbo, na alipimwa pia: aliulizwa maana ya fumbo, na asipoijua alirudiwa mpaka aijue. Hatusemi kwamba yote yaliyotendwa humo yalikuwa mema. Yako ambayo yalistahili kuachwa. Lakini kipimo kile hakikuwa na nafasi zilizohesabiwa. Haikuwa shabaha ya mafunzo kwamba wari wanne watoke watu wazima, na wenzao wote warudishwe utotoni. Kazi ya mkufunzi ilikuwa kuwatoa wote.

Shule ilikuja na desturi nyingine. Wamisionari Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895, na baada ya misukosuko ya Vita vya Majimaji wakafungua kituo cha Ndanda mwaka 1906. Mnero nayo ikawa mojawapo ya misheni zao. Watoto wakafundishwa kusoma, kuandika, hesabu na dini. Katika utawala wa Mwingereza ngazi ya elimu ilipangwa hivi: madarasa manne ya mwanzo, kisha shule ya kati hadi darasa la nane, kisha sekondari. Katika kila kidato cha ngazi hiyo uliwekwa mtihani, na kazi yake ilikuwa kupunguza watu. Serikali ya kikoloni ilihitaji makarani, walimu na matabibu wachache. Haikukusudia kumwelimisha kila mtoto wa mkulima.

Huenda mtu akasema kwamba fedha hazikuwako. Nachingwea yenyewe inatoa jibu. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza iliendesha mradi wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukapotea pamoja na takriban pauni milioni 36. Reli ilijengwa kutoka pwani kuja Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo, na baadaye iling'olewa. Mtoto aliyekomea darasa la nne katika miaka ile aliambiwa kwamba ameshindwa, na huku trekta zilikuwa zikikata misitu karibu na kwao. Ufinyu wa nafasi haukutokana na ufinyu wa akili yake.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na wanafunzi kama 490,000 katika shule za msingi, na 11,832 tu katika sekondari. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alieleza wazi kwamba kati ya watoto 100 wamalizao shule ya msingi, wapatao 13 tu ndio wangepata nafasi ya kuendelea. Akahoji sababu ya kuwafundisha wote kwa ajili ya mtihani wa hao wachache. Mtihani wa mchujo wa darasa la nne ukaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaleta Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoanza kutekelezwa nchini kote mwaka 1977.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kwa namna isiyotazamiwa. Mlango wa darasa la kwanza ulifunguliwa wazi, lakini ule wa kidato cha kwanza ulibaki mwembamba. Waliomaliza darasa la saba wakawa wengi mno, na nafasi zikaongezeka kidogo tu. Vijiji vingi vikakaa mwaka baada ya mwaka bila kupeleka mtoto sekondari. Lugha yetu nayo ikachanganya mambo mawili: kufaulu na kuchaguliwa. Asiyechaguliwa aliitwa aliyefeli, ingawa pengine alijua kusoma, kuandika na kukokotoa vizuri kabisa. Kizazi kizima cha wakulima wa korosho na ufuta kimeishi na jina hilo, na wengine wamewarithisha watoto wao imani kwamba shule si ya watu wa kwao. Hasara hiyo haionekani katika takwimu yoyote.

Mambo yamebadilika. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulieneza sekondari za kata, na mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Katika miaka ya karibuni serikali imetangaza kwamba waliofaulu wote wamepangiwa shule. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10: 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Chujio la katikati, basi, linamaliza kazi yake.

Kwa hiyo yatupasa kujifunza kusoma matokeo upya. Tangu mwaka 2021 mtihani wa darasa la saba una masomo 6, kila moja alama 50, jumla 300. Nafasi zikiwapo kwa wote, alama ndogo ya hisabati haina tena haki ya kumfukuza mtoto. Ina wajibu wa kumwambia mwalimu, mzazi na halmashauri ni wapi arudiwe. Shule yenye matokeo hafifu iulizwe habari za walimu wake, vitabu vyake, masafa wanayotembea watoto, na siku wanazokaa shambani kuamia mazao. Maswali hayo ni magumu kuliko kutaja asilimia, lakini ndiyo yenye faida.

Wazee wa Mnero walijua kwamba mwari asiyejibu fumbo ni deni la mkufunzi. Desturi hiyo inastahili kuingia darasani, kwa maana ni yetu, na shule sasa ina nafasi ya kuipokea.