Geji Haisemi Yote

Gari kuukuu likiwa na bahati lina geji moja ya joto pale kwenye dashibodi, na geji hiyo inapima maji. Mshale ukisimama katikati, dereva anatulia, anaongeza sauti ya redio na kuendelea kupanda mlima. Lakini ndani ya injini kuna joto lingine ambalo mshale huo hauna habari nalo, joto la oili. Maji yanaweza kuwa nyuzi 90, sawa kabisa, huku oili kwenye sampu imeshapita 130 na kuwa nyepesi kama chai. Injini nyingi hufa hivyo. Beringi zinasagika, pistoni zinakwaruza silinda, na mshale bado umesimama katikati.

Dawa yake inajulikana. Ni kipoza oili, kile kirejeta kidogo kinachofungwa mbele ya gari, ambacho kikitajwa gereji kinasikika kama "oili kula". Siku hizi kimekuwa pambo pia. Kuna wasee hukifunga mahali kinapoonekana, ndio kila mtu ajue hapa chini ya boneti pana mambo. Lakini hiki kidude kina historia ndefu, na historia hiyo inamhusu kila mtu anayetaka kutoa injini ya gari moja na kuiweka ndani ya gari lingine. Mara nyingi kipoza oili huingia pale mashine inapopewa kazi ambayo mwili wake haukuchorewa.

Tuanze na hesabu. Katika mafuta unayochoma, takriban theluthi moja tu ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine inatoka na moshi kupitia ekzosi. Inayobaki ni mzigo wa maji, oili na hewa. Maji yamejengewa njia kuzunguka silinda na hedi, lakini hayafiki chini ya pistoni wala kwenye beringi za krankishafti. Huko anayetumwa ni oili. Inalainisha na wakati huohuo inabeba joto, halafu inarudi kupumzika kwenye sampu. Ikizidiwa na joto inakuwa nyepesi mno, na ule utando mwembamba unaozuia chuma kugusana na chuma unakatika. Tena inazeeka haraka. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi ya oili kuharibika inakaribia kuwa maradufu.

Magari mengi ya zamani yalitoka kiwandani bila kipoza oili, na hakuna aliyelalamika. Sampu ya chuma ikipigwa na upepo chini ya gari ilitosha. Mchoraji alijua injini ina nguvu kiasi gani, rejeta ni pana kiasi gani, na feni inavuta hewa kiasi gani. Vitu hivyo vilikuwa na mapatano. Kubadilisha injini ni kuyavunja mapatano hayo, na mfano mzuri kuliko yote hautoki kwenye gari. Unatoka angani, kwenye vita.

Ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo Spitfire iliruka mara ya kwanza mwaka 1936 ikiwa na injini ya Rolls-Royce Merlin, silinda 12, lita 27. Ukiitazama Spitfire ya miaka ile kutoka chini utaona kitu cha ajabu: mabawa yake hayafanani. Chini ya bawa la kulia kuna boksi kubwa la rejeta ya maji. Chini ya bawa la kushoto kuna kidude chembamba zaidi, na hicho ndicho kipoza oili. Kila kimoja kilipimwa kulingana na joto la injini ile.

Kisha mwaka 1941 Wajerumani wakaleta Focke-Wulf 190, na Spitfire ya wakati huo, toleo la tano, ikaanza kuonewa. Toleo jipya kabisa lilikuwa bado linaandaliwa, na vita haingoji. Kwa hiyo wahandisi wakafanya jambo ambalo fundi yeyote wa Nairobi atalielewa: wakachukua mwili wa toleo la tano na kuupachika injini mpya yenye nguvu zaidi, Merlin 61. Ikaitwa toleo la tisa. Ilikuwa kiraka cha kusubiria kitu bora, na ikaingia kazini katikati ya mwaka 1942.

Lakini hawakuishia kwenye injini. Pua ya ndege ilirefushwa. Panga za propela zikatoka tatu zikawa nne. Na mabawa yakabadilika pia: lile boksi dogo la kushoto likaondolewa, kila upande ukapata boksi kubwa, kwa sababu injini mpya ilikuwa na joto ambalo mpangilio wa zamani usingelimudu. Kile kiraka kilifanya kazi vizuri hivi kwamba ndege zaidi ya 5,000 za toleo hilo zilitengenezwa. Ilifanikiwa kwa sababu waliobadilisha injini walibadilisha pia njia ya joto kutoka.

Gari lililopitia somo hilohilo polepole zaidi ni Volkswagen Beetle, ile kobe tunayoijua wote. Beetle haina maji. Inapozwa na hewa, kwa hiyo oili yake, lita 2.5 tu, ina kazi kubwa kuliko kawaida, na tangu mwanzo ilipewa kipoza chake. Tatizo lilikuwa mahali kilipowekwa. Kilisimama ndani ya boma la feni, katikati ya njia ya hewa inayokwenda kwenye silinda ya tatu. Oili ilipata nafuu, silinda ya tatu ikaumia. Kwa miaka mingi kiwanda kiliishi na jambo hilo, hata kikawa kinachelewesha cheche kidogo kwenye silinda hiyo ili isiungue. Injini iliyoanza na nguvu za farasi 25 ilipofika 50, ujanja wa aina hiyo ukaisha. Katika magari ya mwaka 1971 kipoza kilihamishwa na kujengewa chumba chake, ambacho wapenzi wa Volkswagen wamekibandika jina la kibanda cha mbwa.

Beetle hiyo tuliijua huku kwetu mapema. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Beetle ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Safari ilikuwa mtihani wa joto na vumbi kabla ya kuwa mtihani wa kasi. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeanzia maisha kwenye ufundi, alishinda na nduguye Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika kwenye mbio za mwaka uliotangulia. Gari la mkono wa pili likayapiku magari mapya kutoka viwandani. Hiyo ni habari ya Kikenya kabisa.

Baada ya uhuru serikali ilitaka magari yaunganishwe nyumbani. Katika miaka ya 1970 viwanda vikafunguliwa Thika, Mombasa na Nairobi. Land Rover zikatoka Thika. Peugeot 504 nazo zikaunganishwa humu nchini, zikabeba abiria wa masafa marefu hadi watu wakaacha kusema "matatu" na kusema tu "nimepanda Peugeot". Magari hayo yaliundwa kudumu, na yalidumu kuliko injini zake.

Miaka ya 1990 soko likafunguliwa na magari yaliyotumika Japani yakamiminika. Sheria ikaja kuweka kikomo: gari linaloingia lisiwe na zaidi ya miaka 8. Lakini pamoja na magari yalikuja makontena ya injini, giaboksi na nusu za mbele za magari yaliyokatwa huko ng'ambo. Spea za Land Rover na 504 zikazidi kuwa adimu na ghali, spea za Toyota na Isuzu zikapatikana kila kona. Hesabu ikajifanya yenyewe. Mwili ni wa mwaka 1978, injini ni ya mwaka 1995, na ndoa inafungwa gereji.

Mara nyingi ndoa hiyo inaanzia Grogan. Kwenye ramani leo ni barabara ya Kirinyaga na vichochoro vyake, lakini ukiuliza spea watu watakuelekeza Grogan. Jina ni la Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, na ambaye mwaka 1907 aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Sasa jina lake linaishi midomoni mwa watu wanaouza pampu za maji na kukunja mabati, bila ruhusa ya mtu.

Tuchukue Land Rover ya Series III. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na nguvu za farasi 70 hivi. Mwenye gari anaiondoa na kuweka dizeli ya Toyota ya 1KZ, lita 3, yenye turbo, nguvu zinakaribia maradufu. Gari linaamka. Jamaa anatabasamu hadi anafika Voi. Kuanzia hapo barabara ya kuja Nairobi inapanda na kupanda, mzigo uko nyuma, jua liko juu, na rejeta iliyochorewa nguvu 70 inaulizwa maswali ya nguvu 130.

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Injini nyingi za dizeli za Kijapani huja na kipoza oili tayari, kidogo, kimejificha karibu na filta. Fundi anakuambia, "Hii iko nayo, usijali." Ni kweli iko nayo. Lakini kipoza hicho hupozwa na maji. Joto la oili linamwagwa kwenye maji, na maji yanalipeleka kwa rejeta ileile ya zamani. Deni limehamishwa tu. Ndiyo maana kazi ya kwanza baada ya kubadilisha injini ni rejeta pana na feni yenye boma lake, na kipoza oili cha hewa kinafuata, ili joto la oili lipate mlango wake wa kutokea.

Na kabla ya kununua chochote, pima. Geji ya joto la oili ni bei ndogo kuliko krankishafti. Ukiona oili inakaa kati ya nyuzi 90 na 110 hata mlimani, huna haja ya kipoza, acha pesa zako mfukoni. Ikipita 120 na kubaki huko, sasa una kesi.

Kufunga chenyewe si uchawi. Kisahani kinawekwa kati ya bloku na filta, mipira miwili ya presha inatoka hapo, mmoja unapeleka oili, mwingine unairudisha. Shida ziko kwenye mambo madogo. Kisahani kinahitaji themostati inayofunguka karibu na nyuzi 80. Bila hiyo, asubuhi za Julai Nairobi oili itazunguka ikiwa baridi, maji na petroli vilivyoingia ndani yake havitakauka, na utope utajijenga taratibu. Mipira ikigusa chasi itatobolewa na mtikisiko, na sampu nzima inaweza kumwagika barabarani kabla hujapata pa kuegesha. Kipoza kikikaa mbele ya rejeta kinaipulizia hewa ya moto, kosa lilelile la silinda ya tatu ya Beetle. Na kipoza kilichotoka kwenye injini iliyokufa usikiguse, hata ukipewa bure. Vipande vya chuma hujificha kwenye mirija yake, havioshwi vikaisha, na siku ya kwanza vitahamia kwenye injini yako.

Kuna jambo moja zaidi, la mahali tulipo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo kila rejeta inafanya kazi na hewa pungufu. Vipimo vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi tambarare za Ulaya vinahitaji kuongezewa kidogo huku kwetu. Mafundi wazuri wanalijua hilo kwa mkono. Wanajua gari gani lilirudi kwa kamba baada ya Krismasi, na lipi halikurudi.

Tofauti ya fundi huyo na wale wahandisi wa mwaka 1942 haiko kwenye akili. Wao walikuwa na michoro, na baada ya kila jaribio mtu aliandika kilichotokea, ndipo ndege ya 5,000 ikafaidika na makosa ya ile ya kwanza. Kwetu fundi akistaafu, au kibanda kikibomolewa kupisha barabara, maarifa yanaondoka naye. Kijana anayefuata anaanza upya, kwa injini ya mtu mwingine, mara nyingi ya mtu aliyekopa kununua hiyo injini.

Sheria inadai kwamba ukibadilisha injini, mabadiliko yaingizwe kwenye logibuku. Nambari mpya itaandikwa, na ujazo wake. Hapana nafasi ya kuandika rejeta ilipanuliwa kiasi gani, oili ilifika nyuzi ngapi ikipanda kutoka Voi, mipira ilipitishwa wapi. Daftari la shilingi hamsini lina nafasi hiyo. Likae kwenye gari, chini ya kiti, na litakapouzwa liende nalo.