Wote tulizaliwa tarehe 1 Januari

Zamu ya historia imetuangukia sisi wa Juba wiki hii, na tumeamua kuandika juu ya kitu ambacho wengi wetu tunatembea nacho mfukoni bila kukiuliza. Toa kadi yako ya ukimbizi, ama ya mjomba wako kama wewe hukuwahi kuwa nayo. Soma tarehe ya kuzaliwa. 1 Januari, si ndiyo? Kwenye kundi letu tuko kumi na mmoja na saba wamezaliwa siku hiyo moja. Tunacheka kwamba kreti moja ya soda inatosha sherehe ya watu saba.

Lakini kuna mwaka ambao tarehe hiyo, na mwaka ulioandikwa mbele yake, viliamua nani apewe familia ya kumlea kwa pesa ya serikali na nani aambiwe wewe ni mtu mzima, tafuta kazi. Hao walikuwa kaka zetu wakubwa na wajomba zetu. Dada zetu nao wana hesabu yao, tutaifikia.

Hadithi ya njia mnaijua. Wazee wametuambia mpaka tumeichoka, Mungu atusamehe. Kuanzia 1987 maelfu ya watoto, wengi wavulana wa Kidinka na Kinuer, walitembea kutoka kusini mwa Sudan mpaka Ethiopia, wakakaa Pinyudo, Itang na Dimma. Mei 1991 serikali ya Mengistu ikaanguka, wakafukuzwa, wengi wakafa katika mto Gilo. Mwaka 1992 waliobaki wakaingia Kenya kupitia Lokichoggio, na Kakuma ikafunguliwa.

Pale Kakuma ndipo kitu tunachotaka kusema kilianza. Watoto walifika bila wazazi, ikabidi waamue watalala wapi. Wavulana waliwekwa pamoja, vikundi vikundi, wanapika wenyewe, na mzee wa Kisudani anawaangalia. Wasichana walipewa kwa familia za watu wao, kwa mila. Msichana halali peke yake kwenye kikundi, hiyo hata sisi tungesema hivyo. Mtu wa kijiji chako anakuchukua, unakuwa mtoto wa nyumba ile. Kakuma tulizoea kuita jambo hilo fosta, kwa Kiswahili tuseme malezi ya kambo. Kwenye karatasi, basi, wavulana walibaki kuwa watoto wasio na mlezi. Wasichana wakawa watu wa nyumba ya fulani. Wekeni hilo akilini.

Sasa twende Marekani kidogo, kwa sababu pesa ilitoka huko na masharti yakatoka huko pia.

Serikali ya Marekani haikuanza na wakimbizi. Mwaka 1960 jimbo la Louisiana lilifuta watoto zaidi ya 20,000 kwenye msaada wa familia maskini kwa sababu ati nyumba zao hazifai, mama hajaolewa na mambo kama hayo. Serikali kuu ikaona aibu. Ikasema huwezi kumwambia mtoto nyumba yako haifai halafu ukamwacha njaa ndani ya nyumba hiyohiyo. Kama haifai, mtoe, mpeleke kwa familia nyingine, na kuanzia 1961 serikali kuu ikaanza kusaidia kulipia malezi hayo. Mwaka 1980 ikatunga sheria kamili ya kuyarudishia majimbo sehemu ya gharama. Lakini kuna sharti: nyumba aliyotolewa mtoto lazima ingehesabiwa maskini kwa kipimo cha msaada wa zamani. Kipimo hicho kiligandishwa tarehe 16 Julai 1996 na hakijasogea. Yaani bei ya mkate imepanda, mshahara umepanda, lakini umaskini wa mtoto unapimwa kwa kipimo cha 1996. Tulipoelewa hili tulicheka kidogo, maana tulidhani karatasi zilizopitwa na wakati ni ugonjwa wa kwetu tu.

Mwaka huohuo wa 1980 Marekani ilitunga sheria yake ya wakimbizi. Tayari ilikuwa inapokea watoto waliokuwa peke yao kutoka Vietnam na nchi za jirani, na kwa ajili yao ukawekwa mpango wa watoto wakimbizi wasio na mlezi. Masharti yake ni mepesi kuyasema. Uwe na umri chini ya miaka 18 siku unayoingia, na usiwe na mzazi wala ndugu mkubwa wa kukulea kule. Ukiwa hivyo, jimbo linakuweka kwenye familia kama linavyowaweka watoto wake wenyewe, unasoma, unatibiwa, na ofisi ya serikali kuu inayohusika na wakimbizi inalirudishia jimbo gharama. Hapa hakuna kuulizwa baba yako alikuwa maskini kiasi gani. Kinachoangaliwa ni umri na upweke.

Wale wavulana walihojiwa Kakuma, na kuanzia mwisho wa 2000 ndege zikaanza kuwachukua. Karibu 3,800 walienda, mpaka mashambulizi ya Septemba 2001 yakasimamisha safari. Kati yao kama 500 tu ndio waliandikwa chini ya miaka 18. Hao wakapelekwa kwa familia, wengine Michigan, wengine Fargo, Richmond, Jackson. Waliobaki walipewa nyumba ya kupanga watatu wanne pamoja, msaada wa miezi michache, na deni la tiketi ya ndege la kulipa polepole.

Lakini umri huo ulitoka wapi? Mtoto aliyekimbia bila mama hana cheti. Ulikadiriwa. Mtu mbele ya meza anakuangalia, anauliza ulikuwa mkubwa kiasi gani vita vilipofika kwenu, anaandika mwaka, na siku anaandika 1 Januari. Na sisi watu wa Nile mnatujua, mtoto wa miaka 14 anagonga kichwa mlangoni. Hatusemi waliokuwa mezani walikuwa wabaya. Wengine nao walijiongezea miaka zamani kwa sababu zao, ama walijipunguzia. Ila karatasi ikishaandikwa, imeandikwa. Wavulana wawili waliokunywa maji ya kopo moja Pinyudo, mmoja ameandikwa 17 na mwingine 18, wakashuka Marekani kama watu wa dunia mbili.

Kuna mfano ambao kila mtu anaweza kuufuatilia, kwa sababu hao wawili ni watu wanaojulikana, na walifikia upande mmoja wa jimbo la New York mwaka mmoja, 2001. Lopez Lomong alichukuliwa na watu wenye silaha akiwa mtoto wa miaka 6 kijijini Kimotong, huku kwetu Equatoria ya Mashariki, akatoroka, akakaa Kakuma miaka kumi. Alifika akiwa na miaka 16. Familia ya Rogers ya mji mdogo wa Tully ikamchukua chini ya malezi ya kambo. Akapewa chumba, akaingia sekondari, akakimbia mbio za shule. Mwaka 2008 Beijing ndiye aliyebeba bendera ya Marekani ufunguzi wa Olimpiki. John Dau yeye alikuwa mtu mzima tayari, akapelekwa Syracuse, ambako si mbali na Tully. Kwake hakukuwa na mama wa kumwamsha asubuhi. Alifanya kazi za kubeba mizigo na za hoteli za chakula huku anasoma chuo. Baadaye akachangisha pesa, na mwaka 2007 kliniki ikafunguliwa kwao Duk Payuel, Jonglei.

Mtu atasema, mbona wote wamefaulu? Ndiyo, hao wawili. Sisi tunauliza juu ya yule wa 18 ambaye alitaka kukaa darasani akaambiwa shule ya sekondari si ya umri wako, kodi ya nyumba ni mwezi ujao. Wengi tunawajua kwa simu. Wanatuma pesa Juba mpaka leo, na wanatuambia tusome ambacho wao hawakupata nafasi ya kusoma.

Sasa dada zetu. Kati ya wale karibu 3,800, wasichana walikuwa 89. Rudieni namba hiyo. Haikuwa kwamba wasichana hawakutembea. Walitembea, na wengi walifika. Lakini orodha ilikuwa ya watoto wasio na mlezi, na wao walikuwa wameshapewa mlezi 1992. Malezi ya kambo ya Kakuma yaliwatoa kwenye orodha ya malezi ya kambo ya Marekani.

Mama wa mmoja wetu ni wa kundi hilo. Anauza chai hapa Juba na ametukataza kumtaja jina. Alifika Kakuma akiwa na kama miaka 8. Nyumba iliyompokea ilimpa chakula na mahali pa kulala, hilo analishukuru. Pia alichota maji ya nyumba nzima, alipika, shule alienda siku akipata nafasi. Alipokuwa na kama miaka 15 akaolewa, na ng'ombe wakahesabiwa kwa mlezi. Ndege zilipoanza, yeye alikuwa na mtoto mgongoni. Tulimuuliza kama kuna mtu aliwahi kumhoji. Alisema, "Walikuja wakauliza baba wa nyumba ana watoto wangapi. Akawaambia saba. Na mimi nilikuwa wa saba."

Pesa isiyo na masharti huisha kwa wenye nguvu, hilo tunalikubali. Kenya wana mpango wao wa kulipa familia zinazolea yatima, ulianza 2004, na shilingi 2,000 kwa mwezi imesaidia nyumba nyingi. Lakini mlezi lazima awe na kitambulisho cha taifa. Bibi wa Kakuma anayelea wajukuu wanne hana, kwa hiyo hayumo, hata kama jirani yake Mturkana yumo na wanachota maji bomba moja.

Na kwetu? Sheria ya Mtoto ilipitishwa 2008, kabla hata hatujawa nchi, na inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Vita vya Desemba 2013 vilipotenganisha watoto na wazazi tena, kazi ya kuwatafutia jamaa ilibebwa sana na mashirika. Mwanzoni mwa 2019 UNICEF na Save the Children walitangaza kufikisha mtoto wa 6,000 aliyerudishwa kwa familia yake. Hapo katikati mtoto alikaa na nani? Na shangazi, na jirani, na mtu wa kanisa. Sisi tunaojitolea tunapeleka blanketi, neti, sufuria. Mshahara wa mwezi kwa mlezi hatujawahi kuupeleka.

Tunajitolea Gorom, nje kidogo ya Juba. Wa zamani pale wengi ni Waanuak kutoka Gambella, upande uleule wa Pinyudo ambako wajomba zetu walipokewa, sasa wao ndio wageni wetu. Tangu 2023 wamekuja pia watu wa Khartoum. Mwezi jana tulikuwa tunasaidia kujaza fomu. Mama mmoja alisema ana watoto watano. Tukaandika watano. Yule mwenzetu, mtoto wa muuza chai, akaweka kalamu chini, akamuuliza kwa Kiarabu cha Juba kama wote watano amewazaa yeye.

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akaonyesha msichana aliyesimama nyuma na jerikani. Huyu, akasema, tulikutana naye njiani.

Tukachukua fomu nyingine. Msichana hakujua siku aliyozaliwa. Alikumbuka kwamba ilikuwa wakati wa mvua, mama yake alimwambia hivyo. Fomu haina mahali pa kuandika mvua, lakini tuliandika pembeni, kwa kalamu ya wino, na kwenye kisanduku cha tarehe hatukuweka 1 Januari.