Reli ya Baba na Treni ya Dodoma

Sisi watu wa Mau Narok tumezungukwa na reli mbili na hatuna hata moja. Upande wa kaskazini, ukiteremka kutoka kwenye mashamba ya viazi na shayiri, iko ile ya zamani inayopita Njoro na Molo kwenda Kisumu. Upande wa kusini-mashariki, chini bondeni, reli ya kisasa ya SGR iliyotoka Mombasa ilifika Duka Moja, kaunti ya Narok, Oktoba 2019, ikakomea hapo. Nilipoamua kwenda Tanzania kwa mara ya kwanza kuipanda treni yao ya umeme, ilinibidi nianze safari kwa matatu na kuiendeleza kwa basi: Nakuru, Nairobi, Namanga, Arusha, kisha barabara ya Babati na Kondoa mpaka Dodoma.

Marehemu baba angenishangaa. Alikuwa mpakiaji wa magunia ya pareto katika stesheni ya Njoro, na kwake Moshi na Tanga yalikuwa majina ya kwenye reli, kama Molo na Londiani. Mabehewa yalikuwa ya shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki, lililoundwa 1948 kuhudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kijana wa leo akiambiwa kwamba behewa lingeweza kutoka Njoro likafika Dar es Salaam, hudhani ni porojo za wazee. Ni kweli tupu, na namna ilivyotokea inastahili kusimuliwa.

Waingereza walianza kutandika reli yao Mombasa mwaka 1896. Walifika Nairobi 1899, wakapita Nakuru, wakaukwea Mau, na Desemba 1901 wakaona maji ya ziwa mahali tunapopaita Kisumu. Kipande cha Mau ndicho kilichowatoa jasho. Mteremko wa upande wa magharibi una mabonde mengi hivi kwamba yalihitajika madaraja 27 ya chuma, na kazi hiyo ikapewa kampuni ya Marekani. Wajerumani nao walikuwa na reli zao: moja ikitoka Tanga kuelekea Moshi, nyingine ikianzia Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Walikuwa mahasimu, lakini wote wawili walichagua upana wa mita moja kati ya chuma na chuma.

Upana huo ndio uliofanya mambo. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, Waingereza walivuta reli ya kijeshi kutoka Voi, ikapita Taveta, na 1916 ikaungana na ile ya Tanga pale Kahe, karibu na Moshi. Vita vikaisha, reli ikabaki, wasafiri wakaizoea. Mwaka 1963 Tanganyika ikakamilisha kiungo cha Ruvu hadi Mnyusi, na hapo reli ya Tanga ikashikana na reli ya kati, ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Kuanzia hapo ungeweza kufuata chuma kutoka Njoro mpaka Bahari ya Hindi kule Dar. Halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983, kila nchi ikachukua mabehewa yake. Baba alilizungumzia jambo hilo kama msiba wa nyumbani.

Dodoma niliingia usiku. Tiketi nilikuwa nimeikata mapema kwa simu, kwa jina lililo kwenye pasipoti, na mgeni asilipuuze hilo: mlangoni wanalinganisha. Fika mapema pia, kwa sababu mizigo hukaguliwa na treni haimsubiri mtu. Abiria walianza kusafiri kati ya Dar na Dodoma Julai 2024, na mwendo hufika kilomita 160 kwa saa. Safari ambayo kwa basi hula siku nzima huisha kwa takriban saa tatu na nusu. Treni yetu ya SGR, Madaraka Express, ambayo naipenda, inatumia dizeli na haizidi 120.

Ndani ya treni ya kwenda Dar, kando yangu aliketi mama mmoja mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Mwanangu, mbona Kiswahili chako kina baridi?" Nikamwambia natoka Kenya, milimani. Basi akawa mwalimu wangu wa njia. Tulipokuwa tukikaribia Kilosa alinigusa mkono, akaonyesha chini ambako reli ya Mjerumani inafuata bonde la mto Mkondoa. Kila masika maji hulisumbua eneo hilo, kutoka Gulwe mpaka Kilosa. Alishawahi kulala Kilosa na watoto, tuta limesombwa, akila mihogo ya kuchoma iliyouzwa dirishani. Sasa njia mpya imepandishwa juu ya mto na kupenyezwa kwenye mahandaki. Giza likaja, masikio yakaziba kidogo, mwanga ukarudi, yeye akaendelea na hadithi yake pale pale alipoikatia. Ndiyo maana namshauri anayekwenda mara ya kwanza asafiri mchana, na asikae na simu: historia ya reli ile iko nje ya dirisha, ya zamani chini na mpya juu.

Linaloniuma ni Voi na Taveta. Tanzania ilirudisha treni ya abiria ya reli ile ya zamani, Dar hadi Moshi, Desemba 2019, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Upande wao umefika karibu kabisa na mpaka wetu. Upande wetu, kutoka Voi mpaka Taveta, hakuna treni, na Voi yenyewe ina stesheni ya SGR inayopokea abiria kila siku. Tunajadili sana reli ya kupanda Mau kwenda Kisumu na Malaba, nami naitaka kuliko wengi, maana viazi vyetu huozea barabarani wakati wa mvua. Lakini kipande cha Taveta ni kifupi, njia yake ilishapimwa na kutandikwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wenzetu wameshatangulia kufanya sehemu yao. Kianze hicho.